Aliyeitika Safu ya Mbuni

Weka kazi yako chini kidogo unisikilize. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua likiwa juu ya utosi, na nilikuwa nimeshiba. Nataja shibe mapema kwa sababu wanaonijua watakuambia kwamba mimi ni mtu wa kuota macho wazi. Kweli, naota sana. Lakini ndoto zangu nazijua: zote huishia mimi nimevaa viatu vyeusi, watu wananipisha njiani. Hili halikuishia hivyo, na hata leo ninapoliandika nimechagua kukaa mahali penye watu.

Wakati huo reli ya Wadachi ilikuwa imekwisha fika Dodoma, na kazi ilikuwa inasonga mbele kuelekea Saranda. Kando ya stesheni palijengwa ghala la mabati, refu kiasi kwamba ukisimama mlangoni humtambui mtu aliye mwisho wake. Humo mlikuwa na kila kitu cha kazi: mataruma, misumari ya reli, makoleo, sururu, kamba za katani, taa, mablanketi, magunia ya mchele, mapipa ya saruji. Kila asubuhi vyeti vilifika kutoka kambi za njiani, kila kambi ikitaja haja zake, na kabla garimoshi la mizigo halijaondoka alasiri ilikuwa lazima vitu hivyo vitafutwe, vitolewe, na vipangwe mlangoni kambi kwa kambi. Unaona ni kazi nyepesi? Jaribu kutafuta taa moja ndani ya giza lenye joto la tanuri, huku garimoshi linapiga filimbi nje.

Zamani, kabla sijaajiriwa, kila mtoaji, ndivyo tulivyowaita watu wa kutoa vitu, alipewa cheti kimoja akazunguka nacho ghala zima mpaka akikamilishe. Basi waligongana vichochoroni, wakagombania vigari, na aliyefuata taa upande huu alikuta zimehamishiwa upande ule. Kambi iliyoomba sururu ilipelekewa mablanketi. Ndipo Mdachi aliyesimamia ghala akabadilisha utaratibu. Tulimwita Bwana Kikohozi, kwa sababu vumbi la Ugogo lilikuwa limemwingia kifuani likakataa kutoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na haraka ikikaa sana ndani ya mtu hufanana na ubaya.

Yeye alimweka kila mtoaji katika safu yake, asitoke humo. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma nambari, na majina yetu yalimshinda ulimi, alichora mnyama juu ya nguzo ya kila safu: Simba, Tembo, Twiga, Mbuni. Mlangoni akaweka mwitaji mwenye vyeti. Mwitaji wa kwanza alihama na kambi, na kazi ile nikapewa mimi. Nilikuwa nimesoma miaka michache tu katika shule ya misheni kule Mvumi. Kusoma najua, hesabu zinanipita kidogo, ila sauti nilikuwa nayo. Nikiimba kanisani, ng'ombe walioko bondeni waliinua vichwa.

Nilisimama juu ya sanduku nikaita, "Simba, makoleo!" Wa safu ya Simba hujibu, "Simba nipo," huleta makoleo, huyaweka kwenye kigari kilicho mbele ya safu yake. Nilivisoma vyeti vya kambi zote kwa pamoja, ili mtu asirudie njia ile ile, na kila kitu kilifungwa kitambaa cha kambi yake: chekundu kwa kambi ya mbele kabisa, cheusi kwa watu wa daraja, cheupe kwa stesheni yetu. Vyeti vikiisha nilipaza sauti, "Imetimia!" Hapo ndipo watoaji walipokaa chini. Kabla ya neno hilo hakuna kukaa, hata kama magoti yanalia. Hiyo ilikuwa amri, na watu waliizoea mpaka ikawaingia mwilini.

Nilipoanza kazi, safu ya Mbuni ilikuwa imezibwa kwa turubai. Nikaambiwa kwamba mapipa ya saruji yaliporomoka humo yakamuua mtoaji wake, na tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kuingia. Sikuuliza zaidi, mimi mgeni. Lakini vyeti vilipozidi, Bwana Kikohozi aliamuru turubai litolewe, akamweka humo mtu mpya jina lake Chilewa.

Chilewa alikuwa Mgogo mwenzangu, wa Hombolo, mrefu, na shingo yake kweli ilikuwa ndefu, hata watoaji wa Kinyamwezi wakasema Bwana angeokoa rangi kama angemsimamisha Chilewa penye nguzo badala ya picha. Wanyamwezi hao walikuwa wapagazi wa misafara zamani, nao hawakuwa wamesahau hongo waliyotozwa na watemi wetu kila walipopita Ugogo. Chilewa akichelewa kidogo tu utasikia, "Toa kamba, Mgogo. Au unangoja hongo?" Naye hujibu kwa utulivu kwamba hongo ya kamba ni mbuzi mmoja, tena awe amenona, na Mnyamwezi asiye na mbuzi alale papo hapo njiani. Tulicheka sana na mtu yule.

Lakini mwaka ule mvua ilikuwa imekataa. Ng'ombe wa Chilewa walikufa karibu wote, na mkewe alikuwa na mimba iliyokaribia. Posho ya ghala ndiyo iliyokuwa chungu chao. Akipata mtama wake na mchele kidogo, aliubeba kichwani kwa miguu mpaka Hombolo, akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, anatabasamu.

Siku ya kwanza ya kufunguliwa safu ile, Wanyamwezi waliniambia, "Karani, humo mwite mtu kwa jina lake. Chilewa, mara mbili. Usiite safu." Wala halikuwa jambo geni kwangu. Hata kwetu tumelelewa hivyo: ukisikia unaitwa na anayekuita humwoni, nyamaza, ngoja akuite tena, kwa jina lako. Lakini Bwana alikuwa nyuma yangu, saa mkononi. Kutaja majina, tena mara mbili mbili, aliona ni kulichelewesha garimoshi. Basi nikaita, "Mbuni, kamba!"

"Mbuni nipo," sauti ikajibu upesi. Kisha, nyuma yake, kwa uvivu kidogo, nikaisikia ya Chilewa: "Mbuni nipo."

Nikadhani ni mwangwi wa mabati. Wewe ungedhani nini?

Vitu vikaanza kuja maradufu. Naita kamba moja, kwenye kigari nakuta mbili. Naita taa, nakuta taa na nduguye. Moja ina kitambaa chekundu, sawasawa kama ilivyotakiwa. Ya pili ina kitambaa cha manjano kilichofifia, na juu yake kuna vumbi laini la kijivu. Kambi ya manjano hatukuwa nayo. Wazee wa ghala walisema ilikuwa ya Kikombo, upande wa nyuma tulikokwisha kupita, nayo ilivunjwa zamani, mahema yakakunjwa, pakabaki majivu na miiba.

Mimi na Chilewa tulidhani ni mtu anatutania. Tukakubaliana kwamba kila kitu cha manjano kikitokea, yeye akirudishe rafuni kimyakimya kabla Bwana hajakiona. Hilo ndilo lililotuponza, maana siku moja Bwana alimkuta amebeba taa ya kitambaa cha manjano, anarudi nayo ndani, anatazama huku na huku. Mwenye ghala akiona hivyo ataelewa nini? Alielewa kwamba mtu wa Mbuni hutoa vitu vya ziada, huvitia alama ya siri, huvificha, ili mwenzake aje avichukue. Nilieleza, nikaeleza, naye akakohoa. Kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika akasema kesho atakuwapo askari mlangoni. Kitambaa cha manjano kikitokea tena, Chilewa atalazwa chini apigwe kiboko mbele ya wote, kisha atoke, na posho yake ikome.

Chilewa hakutania na mtu jioni ile. Aliniuliza jambo moja tu, kama nikiita mimi nasikia sauti moja au mbili.

"Mimi naisikia nyuma ya bega langu, mdogo wangu," akasema. "Kila mara inanitangulia. Sasa niambie, nitamkamataje mtu ambaye nikigeuka hayupo?"

Nililala vibaya. Niliuona mgongo wake chini ya kiboko, nikamwona mkewe anafunua chungu na ndani hamna kitu. Nikaona pia kwamba jambo lile liko kati ya kinywa changu na safu ile, na hapana mwingine wa kwenda kuliangalia.

Kesho yake, saa ya mapumziko, Bwana alikuwa amelala hemani kwake, na watoaji walikuwa wamejinyoosha kivulini chini ya mabehewa. Nilihakikisha Chilewa yuko nao, kofia usoni, anakoroma. Nikaingia ghalani peke yangu. Mabati juu yalikuwa yanalia kwa joto, ta, ta, ta. Nikapanda sanduku langu, nikaita bila kupaza sauti, "Mbuni, kamba."

"Mbuni nipo."

Nje Chilewa alikuwa bado anakoroma. Na ile sauti, nitaielezaje? Haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye adabu aliyechoka. Nikashuka, nikaenda.

Safu nzima ilikuwa na ubaridi, ubaridi wa ndani ya mtungi wa maji. Mwisho wake alisimama mtu mfupi, mabega mapana, na kwenye bega la kulia alikuwa na lile gamba gumu walilonalo wapagazi. Mwili wote ulikuwa wa kijivu kwa saruji, mpaka kope za macho. Mkononi ameshika kamba yenye kitambaa cha manjano. Alikuwa anabadilisha mguu, anaegemea huu, kisha ule, kama afanyavyo mtu asiyeruhusiwa kukaa.

Kinywa changu kikasema kile kilichozoea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani," akajibu. "Leo umeita mapema. Garimoshi limekwisha fika?"

Nikamwambia bado. Akaninyooshea ile kamba, nami nikaogopa kuipokea. Hakukasirika. Aliiegemeza rafuni akaniomba radhi kwamba imechukua muda. Akasema iliitwa kamba ya kambi ya Kikombo, naye akapanda juu kuitoa, pakatokea kishindo, halafu kimya kirefu. Sasa tena anaisikia safu yake inaitwa, inaitwa, naye anatoa, anatoa, ila lile neno la mwisho halimfikii. Alidhani mimi ndiye mwitaji wa siku ile. Sikumkatalia. Wewe ungeweza kumwambia?

"Miguu inauma, mwanangu," akasema. "Lakini siwezi kukaa kabla hujasema."

Hapo woga ulinitoka, nikabaki na machozi. Fikiri mwenyewe. Siku mapipa yalipoanguka watu walikimbia, wakaita, wakachimba, wakazika, na kesho yake kazi ikaendelea. Nani angekumbuka kurudi mlangoni kukifunga cheti cha mtu aliyekwisha zikwa? Nikaona dawa ni rahisi. Nikapaza sauti palepale, "Mbuni, imetimia!"

Akatikisa kichwa polepole. Akanionyesha yule ndege aliyechorwa nguzoni. "Mbuni ni yule," akasema, "naye hana kwao pa kwenda. Niite mimi."

"Jina lako nani, mzee?"

Akafungua kinywa. Kope zake za kijivu zikapepesa, kisha akanitazama kwa haya, kama mtu aliyemsahau mwenyeji wake. "Nimeitwa Mbuni siku nyingi mno," akasema.

Nilitoka nje, sijui nilitembea au nilikimbia. Nikawaamsha Wanyamwezi, nikawauliza jina la mtu aliyekufa katika safu ile. Mmoja akajifunika shuka. Wa pili akasema jina hilo halitajwi karibu na mlango huu. "Akiitika, utambeba wewe?" Wa tatu, mtu mzima kuliko wote, aliniambia kwa sauti ya chini niende kwa Mama Nyanzala, mpishi wa wapakizi, kwa kuwa marehemu alikuwa mumewe.

Mama Nyanzala nilimjua kama mwanamke aliyeniwekea ukoko wa ugali nilipokuwa na njaa. Nilijua kwao ni Unyanyembe, huko kwa Wanyamwezi jua linakotua, na kwamba ujanani alifuatana na misafara, sufuria kichwani. Hili la mumewe sikulijua. Nilimkuta nyuma ya ghala anasonga ugali. Nikamwamkia, nikasimama, nikamweleza yote niliyoyaona, mpaka lile la miguu. Aliendelea kusonga. Nilipomaliza akauliza, bila kuinua uso:

"Amekonda?"

"Hapana, mama. Amechoka tu."

Akauacha mwiko ndani ya sufuria. Ugali ukaanza kuungua, hakuujali. Aliniambia ndugu zake walimtumia habari mara nyingi arudi kwao, naye hukataa bila kuwapa sababu, maana angewaambia nini? Kwamba moyo wake unaona mumewe bado yuko kazini? Wangemfunga kamba wampeleke kwa mganga.

"Anaitwa Mihambo," akasema.

Nikamwomba twende naye, amwite yeye mwenye haki. Akakataa. "Mimi nikimwita atanifuata mimi, mwanangu, na mimi bado nataka kuishi. Aliyemtuma ni mlango ule, na mlangoni uko wewe. Ila ujue, ukimwita marehemu kwa jina lake, sauti utakayomwitia hairudi yote. Huenda naye, imwonyeshe njia."

Nikacheka kidogo, kicheko cha woga. Nikamwambia sauti yangu ni kubwa, hata ikigawanywa itatutosha wawili. Akanishika kichwa kwa mkono wenye unga, akanisukuma niende.

Alasiri garimoshi lilikuwa limesimama tayari. Bwana alikuwa mlangoni na saa yake, na kando yake askari, kiboko kwapani. Chilewa alikuwa anaingia katika safu yake, shingo imeinama kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilipata nafasi ya kumnong'oneza neno moja tu, kwamba asijibu wala asishike kitu mpaka asikie jina lake mwenyewe. Nikapanda sanduku. Nikaita Simba, akaitika. Nikaita Tembo, nikaita Twiga, vigari vikajaa. Kisha nikafika kwenye kamba ya kambi ya mbele, na kamba zilikuwa katika safu ya Mbuni.

Nikavuta pumzi mpaka tumboni.

"Mihambo," nikaita.

Bwana akageuka. Mle ndani watoaji wote wakanyamaza, hata wapakizi waliokuwa nje wakasimama na magunia mabegani.

"Mihambo. Kamba ya Kikombo imefika. Imetimia. Kapumzike, mzee wangu."

Hakuna aliyejibu "Mbuni nipo." Tulisikia kitu kingine, na si mimi peke yangu niliyekisikia, waulize walio hai. Tulisikia mtu mzito anakaa chini. Mifupa ya magoti ililia, na baada yake ikaja ile pumzi ndefu anayoitoa mtu aliyesimama tangu asubuhi anapopata mahali pa kukaa. Pumzi ile ilipita juu ya vichwa vyetu ikanukia saruji mbichi.

Halafu kigari cha Mbuni kikatoka taratibu, hakuna aliyekisukuma, na juu yake kamba moja yenye kitambaa cha manjano. Askari akatazama kitambaa, akamtazama Bwana, akingoja amri. Bwana hakumwona. Macho yake yalikuwa sakafuni. Nyayo za miguu mitupu, za kijivu, zilikuwa zinakuja kutoka ndani ya safu, moja baada ya nyingine, na juu yake hapakuwa na mguu. Zilikuja mpaka kwenye sanduku langu, zikapita kando yake. Nilihisi ubaridi wa mtungi kwenye kifundo changu. Zikatoka mlangoni, zikashuka, zikaufuata upande jua linakotua, na kwenye mchanga zikaisha.

Chilewa alikuwa bado ndani, ameng'ang'ania rafu, hajashika kitu. Nikamwita, "Chilewa, Chilewa, kamba." Kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa mnong'ono. Lakini kimya kilikuwa kikubwa, akausikia.

"Nipo," akajibu. Sauti moja. Akaleta kamba moja, kitambaa chekundu.

Bwana aliniuliza Mihambo ni nani. Nikamwambia, kwa ule mnong'ono wangu, kwamba ni yule wa mapipa. Bwana mwenyewe ndiye aliyemwajiri, akampa safu, akasimama kaburini kwake amevua kofia. Akazitazama nyayo muda mrefu, mpaka garimoshi likapiga filimbi ya pili, naye hakushtuka.

"Sikujua jina lake," akasema. Kiswahili chake siku hiyo hakikukosea hata neno.

Akamwambia askari aende zake. Chilewa hakuguswa, na posho yake ilibaki ile ile. Mkewe alijifungua mtoto wa kike wiki hizo hizo, na mvua iliporudi Chilewa alirudi Hombolo kulima. Tukikutana sokoni tunasalimiana kwa majina yetu kamili, mara mbili mbili, watu wakituona wanadhani tumelewa.

Mama Nyanzala aliiomba ile kamba ya manjano, Bwana akampa bila kuuliza. Alifungia mizigo yake, akaondoka kuelekea kwao Unyanyembe. Siku aliyoondoka aliniletea ukoko uliofungwa kwenye jani, akasema ameota mumewe amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, na hataki kuinuka.

Na mimi? Sauti haikurudi. Mpaka leo nasema kwa mnong'ono, na kanisani aliye karibu nami hunikaribia zaidi aone kama naimba au natafuna. Kazi ya kuita alipewa mwingine. Mimi nashika brashi na rangi: Bwana aliamuru chini ya kila mnyama paandikwe jina la mtu aliyemo, na mtu akibadilika jina libadilishwe siku hiyo hiyo, na mwandishi wake ni mimi. Sisikitiki sana. Wakati mwingine naota kwamba huko Unyanyembe, jioni, watu wanasikia mtu anaimba nyimbo za Mvumi kwa sauti ya kuinua vichwa vya ng'ombe, nao hawajui imetoka wapi. Hiyo ndoto siihesabu pamoja na zile za viatu.

Lakini wewe unayesoma, usifanye mchezo. Reli inakwenda mbele, maghala yanaongezeka, na watu wenye sauti wanatafutwa kila stesheni. Ukipewa kazi ya kuita, usikubali kuwaita watu kwa safu, wala kwa picha, wala kwa chombo wanachoshika. Uliza jina, na ukiambiwa, lishike. Jioni usiseme neno moja kwa wote ukazima taa. Wataje mmoja mmoja, uone kila mmoja amekaa chini, ndipo ufunge mlango. Watakuambia unalichelewesha garimoshi. Acha lichelewe.